UZI MAALUMU: Kutengeneza mafuta ya shea ya nywele na ngozi nyumbani (chengachenga, kuyeyuka, kuchacha, yote tuyaulize hapa)

#1 Mpika Mafuta

Habari za humu wakuu. Maswali ya shea yametapakaa kila jukwaa, mmoja anauliza kwenye Urembo, mwingine kaingia hadi Ujasiriamali, na majibu yanapishana. Tukusanyike hapa. Mimi napika mafuta ya nywele na ngozi hapa Dar na kuyauza kwa kiasi. Sikuja kutangaza biashara, namba yangu msiitafute.

Kabla ya vipimo niseme linalonikera: punguzeni viungo. Nikiona mtu ameorodhesha shea, nazi, zeituni, mlonge, habbat soda, parachichi, juisi ya kitunguu, ndimu na yai, najua hajawahi kukaa na kopo lake hilo miezi mitatu. Kinachoharibu mafuta ya nyumbani ni vitu viwili, joto na maji. Ukivimudu hivyo, shea na aina moja tu ya mafuta yasiyoganda vinakupa kitu kizuri kuliko kopo nyingi za dukani.

Shea yenyewe. Ni mafuta ya kokwa za mti ambao hauoti Tanzania. Unaota kwenye ukanda mrefu chini ya Sahara, kuanzia Senegali na Mali, kupita Burkina Faso, Ghana na Nigeria, mpaka Uganda ya kaskazini, Sudan Kusini na Ethiopia. Kwa hiyo unayonunua Kariakoo imesafiri, na huko njiani hujui ilikaa juani siku ngapi. Inuse kabla hujalipa. Shea ambayo haijasafishwa ina rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi kidogo na harufu ya karanga na moshi. Iliyosafishwa kiwandani ni nyeupe na haina harufu. Hiyo si feki, ni chaguo tu, na ukitaka kuweka manukato ndiyo rahisi zaidi. Ikinuka kama chupa ya mafuta ya kula iliyosahaulika kabatini, imeshachacha, achana nayo hata kama bei inavutia. Na ile ya njano sana msidhani ndiyo bora. Nigeria wana mzizi wanaoutumia kuipaka rangi hiyo, na wengine wanachanganya mawese.

Kipimo changu cha mafuta ya mwili kwa hali ya joto la Dar, kwa gramu 100: shea 60, siagi ya kakao 15, nta ya nyuki 5, mafuta yasiyoganda 20 (ubuyu, ufuta au alizeti, chagua moja). Pima kwa mizani ya jikoni. Msinipimie kwa vijiko, maana kijiko cha shea iliyoshindiliwa na kijiko cha shea laini havilingani uzito.

Chemsha maji kwenye sufuria, weka bakuli la bati juu yake, moto mdogo. Anza na nta pamoja na yale mafuta yasiyoganda, kwa sababu nta haiyeyuki mpaka nyuzi 62 hivi na shea haina haja ya kufikishwa huko. Nta ikishayeyuka yote weka siagi ya kakao, halafu toa bakuli motoni ndipo utie shea. Joto lililobaki linatosha kuiyeyusha, na kama kuna punje imebaki rudisha kwenye mvuke kidogo. Usitie shea moja kwa moja kwenye sufuria iliyo juu ya jiko la gesi, utaiunguza na harufu haitoki tena.

Kisha poza HARAKA. Kalisha bakuli kwenye beseni la maji ya barafu, koroga mpaka mchanganyiko ugeuke kuwa mzito na wenye ukungu, mimina kwenye kopo kavu, ingiza kwenye friji mpaka ugande kabisa. Ukiuacha mezani ugande wenyewe usiku kucha, asubuhi utakuta chengachenga.

Naomba kuwasilisha. Ulizeni.

#2 Dogo wa Mbagala

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mke wangu ana kopo sita chumbani, sina pa kuweka viatu.

#3 Mama Careen

Asante mkuu. Hizo chengachenga ndizo zinanitesa. Nikipaka mkononi nasikia kama sukari, nikisugua zinayeyuka. Nimeuziwa mbovu?

#4 Mpika Mafuta

Mama Careen, haijaharibika. Shea ni mkusanyiko wa mafuta ya aina kadhaa, na hayagandi kwa joto moja. Yale magumu yenye asidi ya steariki nyingi yanatangulia, na yakipewa muda yanajikusanya kuwa punje huku yale laini bado ni kimiminika. Ndiyo maana kupoza taratibu ni kosa, na ndiyo maana kopo linaloshinda kwenye gari mchana na kulala ndani usiku linaota punje hata kama ulilinunua zuri.

Yeyusha yote tena kwa mvuke, na yote maana yake yote, mpaka liwe angavu kama maji, lisibaki hata doa. Punje moja ikibaki inawaita wenzake. Halafu barafu, koroga, friji.

#5 Binti Ulanga

Mimi naipenda ile iliyopigwa ikafura kama krimu ya keki. Nikiipiga inapendeza, siku mbili tatu imerudi chini imekuwa uji. Niko Kigamboni.

#6 Mpika Mafuta

Dada, umepiga hewa ndani ya kitu kinachoyeyuka kwa joto la chumba chako. Shea ya Afrika Magharibi inalegea kuanzia nyuzi thelathini na kitu, na mchana wa Januari Kigamboni unaujua mwenyewe. Mafuta ya nazi ndiyo kabisa, kwenye nyuzi 24 au 25 tayari ni maji. Kama mapishi yako yana nazi nusu, hapo hata ukipiga kwa mashine ya mjengo.

Ukitaka iliyofura: ondoa nazi, ongeza siagi ya kakao mpaka gramu 20 au 25 kwa mia, nta usitie. Poza mpaka pembeni mwa bakuli pashike na katikati pawe laini, ndipo upige kwa mashine ya keki, pumzisha kwenye friji dakika kadhaa, piga tena. Na uiweke mahali pa baridi. Mimi kwa wateja wa Dar siuzi iliyopigwa kabisa. Anafungua kopo amenunua lililojaa, wiki ijayo limefika nusu, anasema nimempunja.

#7 Mnyalu Original

Ninyi wa joto mnalia, sisi Njombe Juni mafuta ya nazi yanakuwa jiwe, unachimba kwa kijiko. Nikifuata kipimo chako cha nta na kakao si nitapata mshumaa?

#8 Mpika Mafuta

Hahaha, mshumaa kabisa. Kwa Njombe, Mbeya, Arusha ya Julai: shea 60, mafuta yasiyoganda 40, basi. Nta toa, kakao toa. Tena ninyi mna parachichi huko, mkipata mtu anayekamua mafuta yake vizuri msihangaike na ya kuagiza.

#9 Mwana Lango

Habari zenu ndugu. Mimi ni wa Lira, Uganda, Kiswahili changu mtanivumilia. Nimeona mnazungumza shea ya Ghana na Nigeria tu, ile ya kwetu mmeitaja kwa kupita.

Ya kwetu ni mti uleule ila tawi lingine la jamii yake, wataalamu wanaiita nilotica. Sisi Walango na Waacholi mafuta yake tunaita *moo yao*, na kabla hayajawa ya nywele yalikuwa chakula. Unayaweka kwenye mboga, kwenye kunde, mtoto mchanga anapakwa, mgeni mheshimiwa anatiliwa. Yana asidi ya oleiki nyingi kuliko ya Magharibi, kwa hiyo ni laini zaidi. Siku ya joto yanakaribia kuwa maji ndani ya kopo. Mtu asiyejua anarudisha anasema mmechanganya na mafuta ya kupikia. Hapana, ndivyo yalivyo.

Kazi yake ni ya akina mama. Wanaokota matunda yaliyodondoka, nyama ya tunda inaliwa, kokwa zinakaushwa, zinapasuliwa, zinakaangwa kiasi, zinatwangwa na kusagwa mpaka zitoe uji mweusi kama chokoleti, kisha wanaukoroga na maji na kuchemsha mpaka mafuta yaje juu wayaengue. Siku hizi kuna mashine za kukamua pia, na ya mashine haina ile harufu ya moshi.

Shida yetu ni mkaa. Mti unachukua miaka 15 au 20 ndipo uanze kuzaa vizuri, halafu mtu anaukata asubuhi moja kwa sababu mkaa wake unawaka muda mrefu. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini nzima, lakini malori hayajaisha barabarani. Kwa hiyo mkinunua, ulizeni imetoka wapi. Mama wa kwetu Otuke akipata bei nzuri ya kokwa ana sababu ya kumfukuza mkata mkaa.

#10 Mpika Mafuta

Karibu sana ndugu, Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha wengine humu. Nikiongeza kwa upande wa kupika: ukipata ya Uganda, usiifuate ile 60 kwa 40 yangu. Yenyewe tayari ni laini, weka 80 na nta 7 au 8, mafuta mengine machache tu. Kwa nywele na uso naipenda kuliko ya Ghana, inaingia ngozini haraka. Kwa visigino vilivyopasuka ya Ghana inashika zaidi.

#11 Mwanamvita

Salaam alaikum. Mimi niko Kisauni. Mafuta ya nazi nafanya mwenyewe nyumbani lakini baada ya wiki chache yananuka uchachu. Chupa naosha vizuri na sabuni.

#12 Bi Mkubwa wa Chake

Waalaikum salaam mwanangu. Chupa umeiosha, sawa, je umeikausha? Na mafuta uliyapika mpaka wapi?

Kuna nazi, kamua tui la kwanza zito, usilitie maji mengi. Liache usiku litengane, asubuhi uengue ile malai ya juu, maji ya chini umwage. Weka motoni, moto wa chini, ukoroge. Yatapiga kelele. Hizo kelele ni maji yanatoka. Mwenye haraka anaipua mafuta yakishaonekana, ndiyo hayo yanayochacha. Wewe subiri mpaka makapi yawe rangi ya hudhurungi na mafuta yanyamaze kimya, hayatoi tena povu. Chuja kwa kitambaa kikavu yakiwa bado na uvuguvugu, chupa uianike juani mdomo chini mpaka isionekane hata tone. Yangu yanakaa miezi bila tatizo.

Na wale wanaotia maua. Huku kwetu tunapika mafuta na mlangilangi, asumini, na kwa bibi harusi kuna singo yenyewe ya kujisugua. Lakini ua bichi lina maji! Liache linyauke kivulini kwanza siku nzima au mbili ndipo uliingize kwenye mafuta, na usiliache humo kwa mapambo. Nawaona mtandaoni wanauza chupa ina maua yanaelea ndani. Yanapendeza kwenye picha.

#13 Mwanamvita

Shukran sana Bi Mkubwa. Ni kweli nilikuwa naipua mapema, nikiogopa yataungua.

#14 Sister Du

Jamani na alovera? Naikwangua ile utelezi wake naichanganya na shea, nywele zinakuwa laini balaa ila baada ya wiki inaota vitu vyeusi.

#15 Mfamasia Mtaani

Nimesoma kimya nikasema nisiingie, ila hapa niingie.

Sister Du, hivyo vyeusi ni kuvu, na ukiviona ujue bakteria wasioonekana wametangulia. Utelezi wa alovera karibu wote ni maji. Mafuta matupu hayahitaji dawa ya kuzuia vijidudu kwa sababu vijidudu vinahitaji maji ili vikue. Ukishatia maji ya aina yoyote, iwe alovera, maji ya waridi, juisi ya kitunguu, chai ya majani, umetengeneza losheni, na losheni isiyo na kihifadhi halisi ni chakula cha vijidudu. Vitamini E haikusaidii hapo. Kazi ya vitamini E ni kuchelewesha mafuta yasichache kwa hewa, haiui kuvu hata mmoja. Hili nalisikia likichanganywa kila siku.

Kama unapenda alovera, paka fresh kwenye nywele siku ya kuosha, suuza, halafu mafuta yako juu. Kilichobaki tupa.

Pili, haya mafuta ya harufu ya matone. Kwa mwili yasizidi asilimia 2, kwa uso asilimia 1 au chini. Asilimia 1 ya gramu 100 ni gramu moja, matone ishirini na kitu kulingana na kitone chako. Naona watu wanamimina nusu chupa. Mafuta ya karafuu hasa, yale ya kutoka Pemba, ni makali mno kwa sababu ya kemikali yake inayoitwa eujenoli. Nusu asilimia ndiyo mwisho wangu, na usoni siyaweki. Mafuta ya ndimu na limau yaliyokamuliwa kwenye ganda, na juisi yake pia, yana kemikali zinazounguza ngozi zikikutana na jua. Mtu anatoka na mabaka meusi anadhani amerogwa.

Mtoto mchanga: hakuna harufu yoyote. Mtu mwenye pumu ya ngozi: hakuna harufu yoyote. Kila mchanganyiko mpya paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku nzima, ndipo uendelee.

Tatu, na hili msicheke. Shea, nazi, mafuta yoyote yale, yanaharibu mpira wa kondomu kwa dakika chache. Wapo wanaotumia kopo la kitandani kwa kila kitu. Basi ndiyo hivyo.

#16 Dogo wa Mbagala

Kumbe ndiyo maana nina watoto wanne.

#17 Mama Careen

😂😂😂 Dogo toka humu.

#18 Neema wa Uzunguni

Dokta, wanasema shea ni kinga ya jua. Mdogo wangu ana ualbino, naweza kumtengenezea?

#19 Mfamasia Mtaani

Hapana, dada Neema, na hapa naongea kwa msisitizo. Shea inaweza kulainisha ngozi yake, hilo ruksa. Kuzuia jua haiwezi kwa kiwango ambacho ngozi yake inahitaji, na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino si hadithi. Moshi wanatengeneza losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kazi iliyoanzia kwenye kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC. Ulizia kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino mkoani kwako. Kofia pana, mikono mirefu, halafu losheni ya jua ya kweli. Shea ije usiku.

#20 Shombe la Tanga

Mimi swali langu ni dogo tu. Je nikichanganya shea na tyubu moja ya ile krimu ya kung'arisha, si itapunguza ukali?

#21 Mpika Mafuta

Huo ni mkorogo, shem. Uzi huu si wa mkorogo.

#22 Mfamasia Mtaani

Na haipunguzi ukali, inausambaza. Krimu nyingi za namna hiyo zina hidrokwinoni, zebaki au steroidi, na nyingine zote tatu. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Ukiipaka mwili mzima ndani ya mafuta umeongeza eneo inapoingilia. Acha.

#23 Kipilipili Natural

Turudi kwenye nywele. Mimi nina kipilipili haswa, kavu, zinakatika. Nimepaka shea kila siku mwezi mzima, zimekuwa kavu zaidi na zimejaa uchafu mweupe. Shea imenikataa?

#24 Mpika Mafuta

Shea haijakukataa, umeiomba kazi isiyo yake. Mafuta hayaleti maji kwenye nywele. Yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka kwenye unywele mkavu umefungia ukavu ndani, na kila siku unaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka hata maji ya kuoshea hayapiti. Huo uchafu mweupe ni shea ya wiki tatu zilizopita.

Osha kwa shampuu mpaka zilie, zikiwa bado mbichi paka losheni yako ya maji, halafu chukua shea kiasi cha punje ya harage, yeyusha viganjani, pitisha kwenye nywele kuanzia ncha. Kichwani usipake. Suka mabutu au funga kilemba, zikauke zikiwa zimenyooshwa. Kati ya siku za kuosha nyunyizia maji, usiongeze mafuta.

Mafuta mepesi ya kabla ya kuosha ni kitu kingine: nazi 40, alizeti au ufuta 40, nyonyo 20 kwa mia. Unapaka usiku, asubuhi unaosha. Nazi ina sababu hapo. Kuna utafiti wa India uliochapishwa 2003 ulioonyesha kwamba mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, na alizeti hayakufanya hivyo. Watafiti wenyewe walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, haya, mjue na hilo. Lakini bibi zetu wa pwani walishatangulia bila maabara.

#25 Sister Du

Na nyonyo kuotesha nywele za mbele? Mimi kingo zangu zimekwisha kabisa.

#26 Mfamasia Mtaani

Sijaona ushahidi wa maana kwamba nyonyo inaotesha nywele. Inazipa uzito na mng'ao, zinaonekana nyingi. Kwenye rozimari kuna utafiti wa Iran wa 2015, watu 100, uliolinganisha mafuta yake na minoksidili (dawa ya kuotesha nywele) ya asilimia 2 kwa miezi sita na matokeo yakakaribiana, lakini ule ulikuwa upara wa kurithi, siyo nywele zilizong'olewa na rasta.

Wewe niambie, unasuka nini?

#27 Sister Du

Rasta ndogondogo, nikifumua naweka wigi la gundi 🙈

#28 Mfamasia Mtaani

Basi jibu unalo mwenyewe. Kingo zinavutwa. Ukisuka kichwa kikauma hata panadoli unakunywa, kila shina la nywele linaumia vilevile. Ikiwa bado kuna vinyweleo vidogo vinaonekana, pumzisha miezi kadhaa, twende kilioni ya kulegea au mabutu, gundi weka kando, zinaweza kurudi. Ngozi ikishakuwa laini inang'aa bila matundu, hakuna mafuta ya kopo yatakayosaidia, nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Na kwa mwenye mba: msiifunike na mafuta. Ile fangasi ya mba inakula mafuta. Unapaka, inatulia siku moja kwa sababu magamba yamelowa, halafu inarudi na ndugu zake. Shampuu ya ketokonazo kwanza, duka la dawa ipo. Mtoto mwenye mapunye apelekwe hospitali, mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza.

#29 Mangi Mdogo

Kwenye kopo langu la dukani mbele wameandika shea kubwa, nyuma kwenye viungo shea siioni kabisa. Kuna neno *Butyrospermum parkii* mwishoni mwishoni.

#30 Mpika Mafuta

Hiyo ndiyo shea, jina la kitaalamu la kwenye lebo. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ikiwa mwishoni karibu na manukato, umenunua maji na mafuta ya madini yaliyopitishwa karibu na shea. Halali, ila ujue ulicholipia.

Halafu mjue shea nyingi inayotoka Afrika haiendi hata kwenye vipodozi, inaenda kwenye vyakula. Ulaya sheria yao inaruhusu chokoleti iwe na mafuta mengine ya mimea, shea ikiwemo, hadi asilimia 5. Kwa hiyo huenda umeshaila sana kabla hujaipaka.

#31 Binti Ulanga

Mimi nimeanza kuuza kidogokidogo ofisini. Lazima nipitie TBS, shirika la viwango?

#32 Mpika Mafuta

Ndiyo dada. Vipodozi viko TBS tangu Julai 2019, kabla ya hapo vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ile ambayo siku hizi ni TMDA. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa kupata barua ya utambulisho, ndipo TBS. Nenda ukaulize masharti ya sasa ana kwa ana, msisikilize ya vijiweni. Wakati unasubiri, jenga tabia: kila mpiko uandike tarehe, shea ulinunua wapi, ulipima nini, na ubaki na kopo moja dogo kabatini lisiloguswa. Mteja akikupigia kwamba mafuta yananuka, unafungua lako la mpiko huo. La kwako likiwa zima, basi la kwake kaliingiza vidole vyenye maji bafuni. Mpe kijiko kidogo cha plastiki na kila kopo. Tangu nianze kutoa vijiko malalamiko yamepungua.

Na kwenye lebo usiandike "inatibu". Ukiandika inatibu umetoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, na huko hutaki kwenda.

#33 Mnyalu Original

Mkuu nta ya nyuki naipata wapi isiyochanganywa na mshumaa? Ya hapa sokoni nikiiyeyusha inanuka mafuta ya taa.

#34 Mpika Mafuta

Tafuta watu wa Tabora, Sikonge au Urambo, au chama chochote cha wafugaji nyuki. Hata Njombe wapo. Nta halisi inanuka asali, ina njano au kahawia, na ukiipinda ikiwa na joto la mkono inakunjika kabla ya kuvunjika. Ya mshumaa inateleza kama sabuni na haina harufu ya asali hata ukiipasha. Ikija na takataka za mzinga usiogope, iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja, iache igande juu, kwangua uchafu wa chini. Halafu ikaushe vizuri kabla ya kuitia kwenye mafuta.

#35 Mnyalu Original

Nimekupata. Kuna mzee hapa Wanging'ombe ana mizinga, naenda Jumamosi.

#36 Mama Careen

Mrejesho wa chengachenga: nimeyeyusha yote, nikakalisha kwenye beseni la barafu ya jirani muuza samaki. Imetoka laini kabisa. Bakuli tu ndilo linanuka sato.